Barabara Ipi Itangulie?

Yafuatayo ni maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Mtwara mbele ya watumishi wa serikali na walimu.



Nimeombwa nizungumze juu ya barabara, na hasa juu ya swali moja ambalo huulizwa kila mwaka kabla ya bajeti kutungwa, na ambalo aghalabu hujibiwa kabla halijafikiriwa: barabara ipi itangulie? Fedha za barabara hazitoshi. Hazikutosha jana, hazitoshi leo, wala hakuna nchi duniani ambamo zimepata kutosha. Hata mataifa tajiri yana madaraja yaliyochakaa yakingoja zamu. Kwa hiyo kila tunaposema barabara hii ijengwe, tunasema pia, hata kama hatutamki, kwamba ile nyingine isubiri. Mtu anayeitaja ya kwanza akanyamaza kuhusu ya pili hajatoa maoni. Ametoa ombi tu, na maombi tunayo mengi.

Nitajaribu kuzitaja zote mbili. Rai yangu ni kwamba hapa kwetu, tangu Mtwara na Mikindani mpaka maingilio ya Mto Ruvuma, na kupanda mpaka uwanda wa juu wa Makonde, kipimo cha kwanza kisiwe wingi wa magari yanayopita barabara inapokuwa wazi. Kiwe idadi ya siku ambazo barabara hufungwa katika mwaka, na idadi ya watu ambao, ikisha kufungwa, hawana njia nyingine ya kupita. Ni kipimo rahisi kukieleza, lakini kinabadili orodha yote, na kinawapa ninyi mnaonisikiliza kazi ambayo mhandisi peke yake hawezi kuifanya.

Kwanza ni haki tuwaeleze wataalamu jinsi wanavyofanya, maana wengi wetu tunawalaumu bila kujua. Kabla barabara haijajengwa hufanywa upembuzi yakinifu. Vijana huketi kando ya njia na karatasi zao, wakihesabu magari yanayopita: mabasi, malori, magari madogo, pikipiki, baiskeli. Hesabu hiyo hupelekwa ofisini, ikakadiriwa jinsi itakavyokua katika miaka ishirini ijayo. Kisha hukokotolewa mafuta, matairi na muda vitakavyookolewa njia ikitengenezwa, na jumla yake ikalinganishwa na gharama ya ujenzi. Barabara yenye faida kubwa kuliko gharama hupanda juu ya orodha, na yenye faida ndogo hushuka. Si njia ya kipumbavu hata kidogo. Imewaokoa wananchi na miradi mingi ambayo ingejengwa kwa sababu tu mkubwa fulani alizaliwa mwisho wa njia.

Asili ya fikra hiyo ni ya zamani. Mwaka 1844 mhandisi mmoja wa barabara na madaraja wa Ufaransa, jina lake Jules Dupuit, aliandika makala juu ya namna ya kupima manufaa ya kazi za umma. Alitumia mfano wa daraja lenye ushuru. Alisema thamani ya daraja si zile senti zinazokusanywa mlangoni, kwa kuwa wako wavukaji ambao wangekubali kulipa zaidi ya hapo. Kisha akaongeza jambo ambalo warithi wake wengi wamelisahau: wako pia watu ambao hawakuvuka kabisa, kwa sababu ushuru uliwashinda, na manufaa waliyoyakosa watu hao ni hasara ya kweli, ingawa hayaonekani katika daftari la mkusanya ushuru. Mfaransa huyo aliwakumbuka wasiovuka. Karani wetu mwenye karatasi kando ya njia hana safu ya kuwaandika.

Sasa tuitazame historia yetu wenyewe. Wengi wenu wenye umri wa makamo mnaikumbuka safari ya kutoka Dar es Salaam kuja Mtwara kabla ya mwaka 2003. Mvua zilipoanza, njia ya Kibiti, Ndundu na Kilwa ilifungwa kwa wiki nyingi. Mto Rufiji ulivukwa kwa pantoni, na pantoni ilipokwama msafiri alilala ng'ambo na mbu wake. Aliyeweza alipanda meli, na jina la Canadian Spirit lilijulikana katika kila nyumba ya mtumishi wa serikali huku kusini. Ndiyo sababu mtumishi aliyeandikiwa uhamisho wa kuja Lindi au Mtwara alipewa pole na wenzake kana kwamba amehukumiwa, na mwalimu kijana aliyepangiwa Newala alianza kutafuta barua ya daktari kabla hajafunga sanduku. Tulicheka maneno hayo, lakini kulikuwa na watoto darasani wakimngoja mwalimu huyo.

Nawaomba mfikiri: mtu angeketi Ndundu mwezi Machi wa mwaka wowote wa miaka ile, akahesabu magari yanayovuka, angeandika nini? Angeandika magari machache mno, na kwa kipimo cha magari daraja la Rufiji lingengoja daima. Magari yalikuwa machache kwa sababu daraja halikuwapo, kisha uchache huo huo ungetumiwa kuthibitisha kwamba daraja halihitajiwi. Daraja lilijengwa hata hivyo. Lilifunguliwa mwaka 2003, lina urefu wa mita 970, na limepewa jina la Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa wilaya ya Masasi. Mabasi yanayopita leo, malori ya saruji, ya korosho na ya samaki, hayakuwamo katika hesabu ya mtu yeyote aliyekaa kando ya pantoni.

Lakini daraja hilo lilitufundisha somo la pili. Lilipofunguliwa, kilomita 60 za kutoka Ndundu hadi Somanga zilikuwa bado za udongo, nazo ziliendelea kuwakwamisha wasafiri kwa takriban miaka kumi mingine. Kusini kulikuwa na daraja refu kuliko yote nchini, na mbele yake tope. Msafiri aliyekwama Somanga hakuuliza daraja lina mita ngapi. Mtumbwi wenye tundu moja huzama sawasawa na wenye matundu kumi, tofauti yao ni muda tu. Na barabara nayo hupimwa kwa mahali pake pabovu kuliko pote.

Somo hilo lilirudiwa mbele ya macho yetu mwanzoni mwa Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipotua pwani yetu baada ya mvua ambazo zilikuwa zimekwisha kuilowesha ardhi. Barabara kuu ilikatika mahali kadhaa katika wilaya ya Kilwa. Lami ilikuwapo, daraja la Rufiji lilisimama imara, na bado mikoa ya Lindi na Mtwara ilitengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kilichobomoka ni vivuko vidogo vya maji: makalvati na madaraja mafupi ambayo abiria hupita juu yake bila kujua kwamba amepita kitu chochote. Mwenye haraka alilazimika kuzunguka Morogoro, Iringa, Njombe, Songea, Tunduru na Masasi, safari ya zaidi ya kilomita 1,500, badala ya zipatazo 560 za njia ya pwani. Tuseme kweli, kabla ya njia ya Tunduru kuwekwa lami hata mzunguko huo usingewezekana katika majira ya mvua. Wale waliouliza zamani kwa nini fedha zimwagwe katika pori la Namtumbo na Tunduru lenye magari machache walijibiwa mwaka huo.

Kwa sababu hiyo, mtu akiniuliza mradi gani wa barabara utangulie kwa faida ya Mtwara, nitamwelekeza nje ya mkoa wa Mtwara. Ni vivuko vya maji vya barabara kuu katika wilaya ya Kilwa. Vijengwe upya kwa vipimo vya mvua za miaka hii, vipana na virefu zaidi, na matuta yanayoingia madarajani yainuliwe. Najua si mradi wa kupendeza. Hauna utepe mrefu wa kukatwa, na mbunge wa Tandahimba hawezi kuuonyesha kwa wapiga kura wake. Lakini gunia la saruji, dawa ya hospitali ya Ligula na karatasi za mitihani za watoto wa Tandahimba vyote hupita pale.

Wapo watakaosema tunatia chumvi, kwamba kimbunga huja mara moja katika maisha ya mtu. Kimbunga kiliipiga Lindi mwaka 1952. Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilitua Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma, na hapa Mtwara watu waliambiwa wahame mabondeni. Miaka mitano baadaye kikaja Hidaya. Watu wa mipango na waliangalie pengo la kwanza na la pili, kisha waamue wenyewe.

Nije sasa kwenye uzito wa malori, jambo ambalo limeingia kwetu kwa kasi. Bandari ya Mtwara ina kina cha maji cha asili ambacho bandari nyingi za Afrika ya Mashariki zingekitamani, na imeongezewa gati jipya la mita 300. Tangu miaka ya 2021 na 2022 makaa ya mawe ya Mbinga yamekuwa yakisafirishwa kwa malori kupitia Songea, Tunduru na Masasi mpaka gatini. Ni neema kwa bandari. Kwa barabara ni mtihani, na hapa naomba walimu wa hesabu wanisaidie. Kati ya mwaka 1958 na 1960 Wamarekani walifanya majaribio makubwa katika jimbo la Illinois. Walipitisha malori mchana na usiku juu ya vipande vya barabara vilivyojengwa kwa ajili ya kuharibiwa. Waligundua kwamba uharibifu hauongezeki sawasawa na uzito. Huongezeka kwa takriban kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ya tani 10 ikibebeshwa tani 12, mzigo umeongezeka kwa sehemu ya tano tu, lakini uharibifu umekuwa mara mbili. Ikibebeshwa tani 20, uharibifu ni mara kumi na sita. Wapeni wanafunzi wa kidato cha pili swali hilo. Watajifunza vipeo na uraia katika kipindi kimoja.

Maana yake ni kwamba mizani na viraka ni miradi ya barabara kama ilivyo lami mpya, na mara nyingi ni miradi bora kuliko lami mpya. Sheria yetu inalijua jambo hili. Mfuko wa Barabara, unaopata fedha zake hasa katika tozo ya mafuta, umewekewa kwa sheria kwamba walau asilimia 90 ya fedha zake zitumike kwa matengenezo. Waliotunga sheria hiyo mwaka 1998 walikuwa wameiona nchi ikijenga barabara kwa mikopo, ikaziacha zife, kisha ikakopa tena kuzijenga zilezile. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika barabara ukuta huo hujengwa kwa fedha za kigeni. Kwa hiyo barabara ya Masasi hadi Mtwara, ambayo sasa inabeba mizigo ya mikoa mitatu, ipewe matengenezo yake kwa ukamilifu kabla ya kilomita yoyote mpya. Reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, ambayo imo katika mipango ya taifa kwa miaka mingi, ndiyo ingelibeba makaa hayo ipasavyo. Lakini lami ya leo haiwezi kuingoja reli ya kesho.

Na mkoa huu una sababu ya kuwa na hadhari na reli za kwenye makadirio. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Waingereza walianzisha mradi wa karanga huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea walijenga reli na gati hapa Mtwara. Mradi ulianza mwaka 1947 na ukafutwa mwaka 1951, baada ya kuwagharimu walipa kodi wao kiasi cha pauni milioni 36. Karanga hazikuota kama zilivyoota katika karatasi. Gati lilibaki, nalo linatufaa mpaka leo, lakini reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa kukosa mzigo. Naitaja habari hiyo kwa sababu ni upande wa pili wa kosa la Ndundu. Pale kipimo cha magari kingewakosea wasioweza kupita. Hapa makadirio yaliwahesabu wasafiri na mizigo ambayo haikuwa na mwenyewe. Anayepima siku za kufungwa hana haja ya kubashiri: siku hizo zimekwisha kutokea na watu waliozuiliwa wapo, wana majina.

Juu ya uwanda wa Makonde sina maneno mengi, kwa kuwa hoja yake imekwisha kushinda. Barabara ya Mtwara, Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi ni ya kilomita 210, na inapita katikati ya mashamba ya korosho. Kilomita 50 za kwanza, hadi Mnivata, zimewekwa lami, na kwa zile 160 zilizobaki umepatikana mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Korosho huvunwa kuanzia Oktoba, na minada ya stakabadhi ghalani huendelea mpaka mvua zimeanza. Salfa nayo hupandishwa mashambani mara mvua zinapokwisha, njia zikiwa bado na makovu. Mkulima hulipia ubovu wa njia mara mbili katika mwaka mmoja, anaponunua na anapouza. Mwezi Novemba 2018, serikali ilipoamua kuzinunua korosho yenyewe, malori ya jeshi ndiyo yaliyotumwa kuzibeba. Tukio hilo lilikuwa na sababu zake za bei, lakini lilionyesha pia ni magari ya aina gani yanayozifaa njia zetu za vijijini.

Ninapotaka kukaa kidogo ni huku chini, bondeni na pwani, kwa kuwa huku hakuna hoja iliyokwisha kushinda. Toka mjini uelekee kusini upitie Madimba, uende Msimbati na Ruvula. Au ushike njia ya Mahurunga, Kitaya na Kilambo mpaka ukingo wa Ruvuma. Ni nchi ya mchanga, mikoko, minazi, na mashamba ya mpunga katika bonde la mto. Sehemu kubwa ya pwani hiyo imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 imekuwa ikisafishwa Madimba na kwenda Dar es Salaam kwa bomba. Bomba halikwami matopeni. Gesi inafika Dar es Salaam mvua inyeshe isinyeshe, na mama mjamzito wa kijiji cha mtoni anasubiri maji yapungue ndipo afike Mtwara, mji ambao siku ya kiangazi hauko mbali naye. Siisemi habari hiyo kwa kuamsha hasira za mwaka 2013, ambazo mji huu ulizilipia kwa damu. Naisema kwa sababu inaonyesha namna kipimo kinavyofanya kazi. Kwa Msimbati kuna gesi, na gesi ina tarakimu, kwa hiyo barabara ya Msimbati hupata watetezi katika kila kikao. Kwa Kitaya na Mahurunga tarakimu hazipo. Kuna mpunga, samaki, shule, zahanati na watu.

Kitaya iliingia katika habari za dunia mara moja tu, Oktoba 2020, wakati wapiganaji wenye silaha waliovuka mto kutoka Cabo Delgado walipokishambulia kijiji hicho, wakaua watu na kuchoma nyumba. Miezi mitano baadaye, Machi 2021, mji wa Palma ulishambuliwa, na watu wa ng'ambo wakakimbilia kwetu. Wazee wa huku hawakushangaa kuuona mto ukiwa mpaka wa vita. Waliyaona hayo tangu zama za ukombozi wa Msumbiji, wakati FRELIMO ilikuwa na kambi Nachingwea na hospitali yake hapa hapa Mtwara, mpaka uhuru wa tarehe 25 Juni 1975. Lakini naomba mtumishi wa mipango ajiulize: siku ya Kitaya, hesabu ya magari ilikuwa na maana gani? Njia inayopitika mwaka mzima kando ya mto ni njia ya mwalimu kwenda kazini, ni njia ya mgonjwa, na ni njia ya msaada kufika kabla jua halijazama. Hakuna safu ya upembuzi yakinifu inayolipima jambo hilo kwa lita za dizeli.

Hapa ndipo watu wengi huniuliza juu ya daraja la Kilambo. Hoja yao ina nguvu. Daraja la Umoja, ambalo fikra yake ilitoka kwa Mwalimu Nyerere na Samora Machel, lilifunguliwa mwaka 2010 huko Mtambaswala likiwa na mita 720. Ni kazi ya fahari, lakini kutoka Mtwara mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 300 kulifikia, hali Kilambo iko umbali wa kilomita zipatazo 40. Mfanyabiashara wa Mtwara anayetaka kwenda Palma anaona ameambiwa azunguke nyumba nzima ili aingie chumba cha pili. Pamoja na hayo, kwa maoni yangu daraja la Kilambo lisubiri. Mto karibu na maingilio ni mpana, mchanga wake huhama, na kivuko cha zamani kilitegemea maji kujaa na kupwa. Daraja la pale litagharimu fedha nyingi mno. Na upande wa pili wa mto amani haijatulia kiasi cha kuliahidi daraja hilo mizigo. Tumekwisha kuwa na reli iliyojengewa karanga za kwenye karatasi. Kwa sehemu ndogo ya gharama ya daraja hilo, njia zote za ukingo wetu, tangu Mahurunga hadi Kilambo, zingeweza kupata matuta, changarawe ya kutosha, mifereji na makalvati. Hata lami si lazima. Mwananchi wa Kitaya haombi kwenda kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa, anaomba afike.

Hapo baadhi yenu mtanipinga, na mna haki. Mtasema: kila mtu atadai kwake ndiko kunakofungwa siku nyingi, na kipimo chako kitakuwa mashindano ya vilio. Ni kweli, kikiachwa mikononi mwa wanaolia. Bodi ya Barabara ya Mkoa hukaa chini ya Mkuu wa Mkoa, wakiwamo wabunge na viongozi wa halmashauri, na kila mmoja huja na njia ya kwao. TANROADS huja na hesabu zake za magari. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017, ina mtandao wa barabara karibu mara nne ya ule wa TANROADS, na haina watu wa kuketi kando ya kila njia ya kijiji. Mwaka 2021 iliongezewa shilingi 100 katika kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini. Fedha zikaongezeka, lakini swali la wapi zianzie likabaki palepale. Katika kikao cha namna hiyo mwenye karatasi humshinda mwenye kilio. Basi tuwe na karatasi.

Na karatasi hiyo inaweza kutoka kwenu. Hakuna ofisi ya serikali iliyosambaa nchini kama shule. Mahali ambapo greda halijapata kufika kwa miaka mitatu, pana mwalimu mkuu na kitabu cha kumbukumbu za shule. Naomba katika kitabu hicho ziandikwe tarehe njia ilipofungwa, mahali ilipofungwa, kwa sababu gani, tarehe ilipofunguliwa, na nani alizuiliwa: watoto wangapi hawakufika, mwalimu gani alikwama, mgonjwa yupi alibebwa kwa machela. Mganga wa zahanati afanye vivyo hivyo, na Mtendaji wa Kijiji atie saini. Mwisho wa masika orodha hizo zisomwe katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, zikusanywe halmashauri, na ziwekwe mezani mwa Bodi pamoja na hesabu za magari.

Nitoe mfano, na tarakimu zake ni za kubuni. Kijiji kimoja chenye watu 4,000 hufungwa siku 60 kwa mwaka. Zidisha, unapata 240,000. Mji mdogo wenye watu 30,000 hufungwa siku tatu, unapata 90,000. Ukihesabu magari, mji utakishinda kijiji mara kumi. Ukihesabu siku za watu waliofungiwa, kijiji kinatangulia. Kisha gawanya kwa gharama, na mara nyingi utaona kwamba kijiji kinahitaji makalvati mawili na tuta la mita mia tatu, hali mji unaomba kilomita tano za lami. Sisemi hesabu hii iwe amri. Barabara ya bandari itabaki na hoja yake ya uchumi, na njia ambayo kazi yake imekwisha kuanza imalizwe, kwa kuwa nusu ya barabara haitoi nusu ya faida. Ila mtu akitaka kukiruka kile kijiji, alazimike kusema kwa nini mbele ya tarakimu hiyo.

Ndugu Mwenyekiti, niliahidi kutaja kitakachosubiri, na sitaki niondoke kabla sijatimiza. Baada ya vivuko vya maji vya Kilwa, matengenezo na mizani ya barabara ya Masasi, njia za ukingo wa Ruvuma, na kuimaliza barabara ya Newala, yapo ambayo ningeyarudisha nyuma: kupanua barabara za katikati ya mji wa Mtwara, taa za mapambo, daraja la Kilambo kwa sasa, na lami ya vipande vya kilomita moja moja ambayo kila halmashauri huiweka mbele ya makao yake makuu. Hicho cha mwisho najua kitaniletea maneno, kwa kuwa baadhi yetu ofisi zetu ziko pale pale lami inapoishia. Mvua za huku huanza kati ya Novemba na Desemba. Shule zikifungua kitabu hicho wakati huo, ifikapo Mei tutakuwa na masika moja kamili katika maandishi, na Bodi itakuwa na kitu cha kusoma. Sasa niko tayari kusikia maswali, na ningependa tuanze na walimu waliotoka mtoni.